Konsoli ya siriali ya OpenBSD: mistari miwili tu na mashine isiyo na skrini inaanza kuongea

Wakuu, mtu yeyote mwenye seva ndogo, rauta au faiwoli isiyo na skrini ajue tu kwamba kuna siku SSH (njia ya kuingia kwenye mashine kwa mbali kupitia mtandao) itamgomea. Sio kwamba SSH ni mbovu, ni kwamba inahitaji kila kitu kiwe kishaamka kwanza: kerneli (kiini cha mfumo) iwe imewaka, diski zimesomeka, kadi ya mtandao imepata anwani, na sheria za faiwoli ziwe hazijakufungia nje we mwenyewe mwenye mashine. Kimoja kikikwama basi huna njia. Konsoli ya siriali inakuonyesha kinachoendelea tangu mashine inapata umeme, ndo maana naipenda na ndo maana naandika haya maoni marefu kuhusu jinsi OpenBSD, mfumo endeshi huria wa familia ya Unix, walivyoitengeneza, maana nimeitumia huko, nimeitumia kwenye mifumo mingine huria, Debian na FreeBSD, na nasema bila kupepesa macho kwamba ya OpenBSD ndo imetulia kuliko zote tatu. Naipa 9 kwa 10. Ile moja niliyokata nitaieleza mbele, na ni ya haki kabisa.

Kwa ambaye hajawahi kuigusa: unachukua kebo ya siriali, upande mmoja unachomeka kwenye mashine yako isiyo na skrini, upande wa pili kwenye laptop, unafungua programu ya kuongea na siriali, na maandishi yote ambayo yangetokea kwenye skrini yanakuja kwako, na unachoandika kinaenda kule. Hamna picha, hamna kipanya, ni herufi tu zinapita kwenye waya. RS-232 yenyewe ipo tangu 1960 na mpaka leo switchi, rauta na seva zinakuja nayo. Kuna bodi kama zile APU za PC Engines ambazo hazina kabisa sehemu ya kuchomeka skrini, hizo bila siriali huwezi hata kuinstoli chochote.

Sasa mtu akikuambia amefunga konsoli ya siriali muulize hivi: inaongea kuanzia wapi mpaka wapi? Maana kuna hatua nne hapo. Kuna famwea ya bodi (programu iliyomo ndani yake), kuna butiloda inayopakia kerneli, kuna kerneli yenyewe, halafu mwisho kuna getty ambayo ndo inakuletea neno login. Hao wote wanne wanatakiwa waongee kwenye waya huohuo kwa spidi ileile. Akikosea mmoja tu unapata konsoli ya nusunusu, unaona butiloda vizuri halafu kerneli ikianza kimya, au unaona kerneli inamwaga maandishi yake yote mpaka mwisho halafu login haiji. Mi mfumo wowote naupima kwa hilo, kwamba inanichukua kazi kiasi gani kuwapanga hawa wote wakae mstari mmoja. Na hapo ndo OpenBSD wanashinda, kwa sababu butiloda yao ikishajua konsoli iko wapi na ina spidi gani inaikabidhi kerneli taarifa hiyohiyo. Hauiambii kerneli kivyake. Ukishaiambia butiloda umemaliza hatua mbili kwa mpigo.

Inavyokwenda ni hivi. Ukiwasha mashine yenye flashi ya kuinstolia, butiloda inakuja na prompti yake ya boot> na inakusubiri sekunde tano hivi kabla haijaendelea. Ukigusa tu kibodi inasimama. Hapo unaandika

stty com0 115200
set tty com0

na mpangilio huo ni muhimu sana, spidi (biti kwa sekunde) kwanza halafu ndo unahama. Ukianza na set tty itahamia com0 (bandari ya kwanza ya siriali) kwa spidi yake ya defolti ambayo ni 9600, na kama laptop yako iko 115200 utaanza kuona takataka, herufi za ajabuajabu na alama za kuuliza. Ukienda sawa inakuambia inahamishia konsoli com0, inaandika jina lake upya, inakurudishia prompti. Unabonyeza enta na kerneli inaanza kumwagika kwenye kebo moja kwa moja. Ukiwa makini kuna mstari utaupita wenye kitu kama hiki:

com0 at isa0 port 0x3f8/8 irq 4: ns16550a, 16 byte fifo
com0: console

Ile com0: console ndo mashine inakuthibitishia kwamba imekubali, hiyo siriali ndo konsoli kuu. Mi huwa nautafuta huo mstari kila nikifunga mashine mpya, ukiuona ujue kazi kubwa imeisha.

Kizuri zaidi kinakuja wakati wa kuinstoli. Kiinstoli cha OpenBSD kikigundua unaongea nacho kupitia siriali kinakuuliza chenyewe kama unataka konsoli ya kudumu iwe com0, na jibu lililowekwa tayari ni ndiyo. Halafu kinakuuliza spidi. Ukikubali kinaandika faili ya /etc/boot.conf (maagizo ya butiloda) na kinaibadilisha /etc/ttys (orodha ya sehemu zinazopewa login), mashine ikijiwasha upya kila kitu kiko sawa mpaka login. Yani hujafungua faili hata moja kwa mkono. Nimeona mifumo mingi inajisifia kwamba ni rahisi, ila huu utaratibu wa kukuuliza swali sahihi wakati sahihi na kukupa jibu la busara tayari, hiyo ni heshima kwa mtumiaji na wanastahili sifa.

Kama mashine ilishainstoliwa zamani kwa skrini na sasa unataka kuihamishia siriali, hapo utaandika mwenyewe ila ni kidogo tu. Kwenye /etc/boot.conf unaweka ile mistari miwili niliyoonyesha juu, kwa mpangilio uleule. Halafu kwenye /etc/ttys unatafuta mstari wa tty00, ambao kwa kawaida umezimwa, unaufanya usomeke hivi:

tty00   "/usr/libexec/getty std.115200"   vt220   on   secure

Ukimaliza unapiga kill -HUP 1 ili init (mchakato wa kwanza wa mfumo) isome upya, login inatokea hapohapo bila hata kuwasha mashine upya. Hiyo vt220 usiiache ikiwa unknown, maana ukiacha hivyo kila ukiingia kama root (mtumiaji mkuu) itakuuliza aina ya tamino (terminal) na utachoka. Na hilo neno secure maana yake root anaruhusiwa kuingia kupitia hapo.

Kuna bodi ambazo famwea yake haipeleki maandishi kwenye siriali kabisa, kwahiyo ile prompti ya boot> hauioni na huna skrini ya kuiangalia. Watu wengi wanakwama hapa na kuachana na mradi. Suluhisho lipo na ni safi: ile imeji ya kuinstolia ni faili tu, unaweza kuifungua kwenye mashine nyingine ya OpenBSD kwa vnconfig (amri inayoifanya faili ionekane kama diski), unaimaunti, unaiongezea hiyo mistari miwili kwenye etc/boot.conf iliyomo humo ndani, halafu ndo unaiandika kwenye flashi. Angalia tu unaongeza na sio unafuta, kwa sababu faili hiyo ina mstari wake tayari unaoelekeza kerneli ya kuinstolia iko wapi, ukiufuta haitaipata. Baada ya hapo flashi yenyewe inaamka inaongea siriali bila kuguswa.

Sasa tulinganishe. Kwenye Debian na ndugu zake wanaotumia butiloda iitwayo GRUB, butiloda na kerneli kila mmoja anaambiwa kivyake. Unafungua /etc/default/grub, unaiambia GRUB itumie siriali na uniti gani na spidi gani:

GRUB_TERMINAL="console serial"
GRUB_SERIAL_COMMAND="serial --unit=0 --speed=115200"
GRUB_CMDLINE_LINUX="console=tty0 console=ttyS0,115200n8"

halafu update-grub, na usipoiendesha hiyo hakuna kitakachobadilika hata uandike vipi. Ona spidi imeandikwa mara mbili sehemu mbili tofauti, ukibadilisha moja ukasahau nyingine ndo unapata ile konsoli ya nusunusu niliyoisema. Ila haki yao niwape, upande wa login systemd (inayoanzisha huduma za mfumo) inafanya kazi nzuri sana, inaangalia kerneli inatumia konsoli gani na inaanzisha serial-getty@ttyS0 yenyewe bila kuambiwa. Zamani za inittab ulikuwa unaandika mstari wa getty kwa mkono. Na kitu kingine ambacho Linux wanacho na OpenBSD hawana ni kwamba kerneli inaweza kumwaga meseji zake kwenye skrini na siriali kwa pamoja, unaandika console= mara mbili kama hapo juu na zote zinapokea. Lakini shika hili, ile ya mwisho kuandikwa ndo inakuwa /dev/console, kwahiyo meseji za huduma zinazowaka baada ya kerneli zinaenda kwa hiyo ya mwisho tu. Mtu akiweka tty0 mwisho anaona kerneli vizuri kwenye siriali, halafu ukimya katikati wakati huduma zinaanza, halafu login inatokea, na anabaki anashangaa. Mpangilio tu huo.

FreeBSD wao wako katikati. Unaweka mistari kwenye /boot/loader.conf, boot_serial, boot_multicons, comconsole_speed na console, na loda inaipa kerneli taarifa vizuri. Upande wa /etc/ttys wamefanya kitu ambacho natamani OpenBSD wakiige, mstari wa ttyu0 umeandikwa onifconsole, maana yake getty itawaka yenyewe endapo siriali ndo konsoli, na kama sio haiwaki. Huhitaji kugusa. Pia kuanzia toleo la 14.0 wamehamisha defolti kutoka 9600 kwenda 115200 kila mahali, kuanzia loda mpaka getty, na hilo ni jambo la maana kuliko linavyoonekana.

Hapa ndo naingia kwenye ile pointi moja niliyoikata OpenBSD. Defolti yao kwenye amd64 (kompyuta za kawaida za Intel na AMD za biti 64) bado ni 9600. Fanya hesabu: siriali ya kawaida ya 8N1 inatumia biti kumi kwa kila herufi, biti nane za data, moja ya kuanzia na moja ya kumalizia. Kwahiyo 9600 ni herufi 960 kwa sekunde. Skrini ya tamino ya 80 kwa 24 ina herufi 1920, yani kujaza skrini moja tu ni sekunde mbili. Unafungua kihariri cha vi unaangalia mistari ikishuka mmoja mmoja. Kwa 115200 ni herufi 11520 kwa sekunde, skrini hiyohiyo inajaa kabla hujapepesa. Na sio macho tu yanayoteseka, kerneli ikiwa inaandika kwenye konsoli inasubiri herufi zitoke, kwahiyo mashine inayotema meseji nyingi inawaka taratibu kweli kwa sababu ya spidi ya siriali. Najua sababu yao, 9600 inafanya kazi popote, vifaa vingi vya mtandao vya zamani na vipya vinakuja hivyo, na waya mrefu unaivumilia. Lakini bodi ndogo nyingi za sasa famwea yake inakuja 115200, matokeo yake mtu mpya anaona famwea vizuri, butiloda ikihamia com0 anapata takataka au ukimya, na anahisi mfumo umekufa kumbe umewaka vizuri kabisa unaongea kwa spidi nyingine. Wengi wanaikatia tamaa OpenBSD hapohapo na inaniuma, kwa sababu walibakiza mstari mmoja tu wafike.

Kwa hiyo kabla hujasema mashine imekufa, soma dalili. Takataka kwenye skrini maana yake waya uko sawa, spidi ndo hailingani. Ukimya mtupu kuanzia mwanzo, shuku waya, na hasa kama ni mashine mbili za kompyuta zinaongea zenyewe kwa zenyewe unahitaji kebo ya null modem, ile ambayo pini ya 2 na ya 3 zimepishana ili anayetuma wa huku akutane na anayepokea wa kule. Kebo iliyonyooka haitakupa kitu. Na ukiona maandishi yanakuja vizuri ila ukiandika hakuna kinachoenda, kabla hujaanza kubadilisha kebo angalia programu yako kama imewasha udhibiti wa mtiririko wa kihadiwea, minicom inakuja na hiyo imewashwa, na kwenye kebo ya nyaya tatu hakuna pini za kuitikia, kwahiyo inasubiri ruhusa ambayo haiji milele. Izime, andika tena.

Adapta za USB kwenda siriali nazo zina mambo yake. Chipu utakazokutana nazo ni FTDI, Prolific PL2303, CP2102 ya Silicon Labs na CH340, na OpenBSD ina draiva za zote ndani ya kerneli, uftdi, uplcom, uslcom na uchcom, unachomeka tu na inatokea kama cuaU0. Hakuna cha kudownload. FTDI ndo mi naiamini zaidi ila feki zake ni nyingi sokoni, mpaka 2014 ikatokea draiva yao ya Windows iliyokuwa inazifanya chipu feki zisitambulike tena na kompyuta, kelele zilikuwa nyingi sana. Ukitumia mfumo huria hilo halikugusi.

Onyo la kweli kabisa hapa: RS-232 na siriali ya pini za bodi ndogo kama Raspberry Pi sio kitu kimoja. RS-232 halisi inacheza mpaka volti 15 chanya na hasi, zile pini za Pi ni volti 3.3. Ukichomeka kebo ya RS-232 moja kwa moja kwenye pini hizo unaiunguza bodi, hakuna kurudi. Nunua adapta iliyoandikwa TTL ya 3.3, unganisha ardhi na ardhi, TX na RX kwa kupishana, na ule waya wa volti 5 wa adapta usiuguse kama bodi ina umeme wake. Halafu kwenye arm64 (bodi za ARM za biti 64) OpenBSD wenyewe wanaichukulia siriali kama konsoli ya kawaida, anayetaka skrini ndo anaandika set tty fb0, na kwangu mi huo ndo mpangilio sahihi.

Programu ya kuongelea kwa upande wa OpenBSD ni cu, ipo ndani tayari. Unaandika cu -l cuaU0 -s 115200, na mtumiaji wako awe kwenye kundi la dialer ili usiwe unaita root kila saa. Kwenye Debian kundi linaitwa dialout na mi natumia picocom au screen, zote poa. Tumia cua na sio tty unapopiga wewe, kwa sababu tty inasubiri ishara ya DCD (inayosema upande wa pili upo) ndo ifunguke, na kebo nyingi hazina huo waya, utaona imeganda tu. Kutoka kwenye cu unaandika ~. mwanzoni mwa mstari. Ila kama uko kwenye SSH kwanza halafu ndo ukafungua cu kule mbali, ~. hiyo itanaswa na SSH na itakukata wewe badala ya cu, kwahiyo andika ~~. na itafika inapotakiwa.

Ukubwa wa dirisha ni kero ndogo lakini ya kila siku. Siriali haijui kama umetanua dirisha la tamino yako, haina njia ya kupeleka taarifa hiyo, kwahiyo kule inabaki na 80 kwa 24 na vi inachora ovyo. Andika stty rows 50 columns 132 kulingana na dirisha lako, au kama umeinstoli seti za X (za kiolesura cha picha) una resize, piga eval $(resize) inajipima yenyewe. Sekunde moja.

Usalama sasa, na hapa naomba usome taratibu. Kwanza, mwenye kebo ndo mwenye mashine. Anayefika kwenye ile pini anaweza kuwasha upya, akaandika boot -s, akaingia hali ya mtumiaji mmoja kama root. Ukiondoa neno secure kwenye mstari wa console ndani ya /etc/ttys itadai paswedi ya root kabla, fanya hivyo kama mashine iko sehemu watu wanapita. Pili, na hili wengi hawalijui kabisa, ukichomoa kebo bila kulogi auti sesheni yako haifi. Mashine haijui kwamba umeondoka. Anayekuja kuchomeka baada yako anakuta sheli ya root iko wazi inamsubiri. Weka TMOUT kwenye .profile ya root, mfano TMOUT=600, ksh itajifunga yenyewe baada ya dakika kumi za ukimya, na hata hivyo jizoeze kuandika exit kila ukimaliza.

Kingine ninachokikosa ni kile nilichogusia, konsoli ya OpenBSD ni moja tu kwa wakati mmoja. Ukihamia com0 skrini inabaki haina kazi wakati wa kuwaka. Kwa mashine zangu zisizo na skrini hainisumbui, ila mwenye seva ambayo siku nyingine wanakuja watu na skrini mkononi atalalamika, na ana haki. Nafuu ni kwamba ukiingia kwa SSH baadaye unaweza kupiga dmesg -s (dmesg ni amri ya kusoma meseji za kerneli) ukasoma yaliyotokea kwenye konsoli wakati huduma zinaanza, ambayo kwenye dmesg ya kawaida hayaonekani.

Ila siku ya apgredi ndo utaipenda. Unapiga sysupgrade (amri ya kupandisha toleo) kwa SSH, mashine inajiwasha, SSH inakatika, na kwenye siriali unaangalia kila kitu, butiloda inachukua bsd.upgrade, seti zinafunguliwa moja baada ya nyingine, inajiwasha tena, login inarudi. OpenBSD wanatoa toleo jipya kila miezi sita kwahiyo hilo sio tukio la nadra. Mipangilio ya boot.conf haiguswi. Ikitokea fsck (ukaguzi wa diski) imekwama inataka jibu, we uko palepale unaijibu.

Kwenye seva kubwa zenye IPMI (kidhibiti cha kuisimamia mashine kwa mbali) huhitaji hata kebo, kuna siriali kupitia mtandao, unaita ipmitool -I lanplus na sol activate. Mara nyingi hiyo siriali ya ndani iko kwenye bandari ya pili, kwahiyo kwenye boot.conf unaandika com1 badala ya com0 na kwenye ttys unawasha tty01, na kwa Linux ni ttyS1. Angalia kwenye BIOS wameiweka wapi na spidi gani, halafu ilinganishe. Na kama huna mashine ya kujaribia kabisa, vmd ya OpenBSD inakupa mashine pepe ambazo hazina skrini, ni siriali tu, unaingia kwa vmctl console na ukitaka kutoka ni ileile ~. ya cu kwa sababu ndani yake ni cu.

Cha mwisho ni cha wale wanaopenda kuchimba. Weka ddb.console=1 kwenye /etc/sysctl.conf, iweke humo humo kwenye faili kwa sababu mfumo ukishawaka kikamilifu hauruhusu kuibadilisha, halafu siku mashine imeganda kabisa haijibu kitu, ndani ya cu andika ~# itume ishara ya BREAK. Kama kerneli bado ina uhai inakurushia prompti ya ddb (kitatuzi cha ndani ya kerneli), unaandika trace unaona imekwama wapi, unaandika ps unaona michakato, na ukishanakili yote kutoka kwenye dirisha la laptop yako kwa ajili ya ripoti ya hitilafu, unaandika boot reboot.